Mita 20 za Kwanza: Je, Mbwa Anahisi Sumaku ya Dunia?

SALOME: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Salome, niko na kaka Idrisa. Leo ni habari ya mbwa, na naanza na kisa cha nyumbani. Babu yangu kule Upareni alikuwa na mbwa, jina lake Simba. Akishaona sungura, basi, anapotelea msituni hadi tunakata tamaa. Baadaye unamwona huyo, anatokea upande wa juu wa shamba, na aliondokea upande wa mtoni. Babu anasema tu, "Mbwa hapotei." Maelezo yamekwisha.

IDRISA: Watu wengi watakwambia amefuata pua.

SALOME: Na mimi nilijua hivyo. Lakini pua ingemrudisha kwa njia ile ile aliyoendea. Huyu alikuwa anapita mahali ambapo siku hiyo hakukanyaga. Sasa hapo ananusa nini?

IDRISA: Swali hilo ndilo alilolishika Kateřina Benediktová, mtafiti wa Jamhuri ya Czech. Kuanzia 2014 hadi 2017, yeye na wenzake waliwavisha mbwa 27 wa kuwinda mikanda ya shingoni yenye GPS, wakawaachia msituni zaidi ya mara 600. Mbwa anasikia harufu ya mnyama, anatimka, halafu baadaye lazima amtafute mwenye mbwa wake.

SALOME: Wakarudije?

IDRISA: Karibu mara 6 katika 10, mbwa alizifuata nyayo zake mwenyewe. Hiyo ni pua. Ila mara 223 mbwa alikata njia mpya, kama Simba wa babu yako. Hapo ndipo profesa wake, Hynek Burda, alipoona kitu kwenye ile michoro ya GPS. Kabla ya kuanza kurudi, mbwa anasimama, anakimbia kipande kifupi, kama mita 20 hivi, kuelekea kaskazini au kusini. Halafu ndiyo anageuka kwenda kwa mwenyewe.

SALOME: Hata kama mwenyewe yuko mashariki?

IDRISA: Hata kama yuko mashariki! Ndiyo maana jambo hili lilininyima usingizi. Kati ya zile safari 223, kile kipande cha kaskazini-kusini kilionekana kwenye 170. Na mbwa waliokikimbia walirudi kwa njia fupi zaidi kuliko ambao hawakukikimbia.

SALOME: Ngoja, nipe nafasi niseme nilivyoelewa, kwa sababu mimi nimeliona hili kwenye simu. Unashuka kwenye daladala mtaa usioujua, unafungua ramani. Kile kimshale kinazungukazunguka tu, hakijui umetazama wapi. Unapiga hatua kadhaa, kimshale kinatulia, ramani inajipanga na barabara iliyo mbele yako.

IDRISA: Umemaliza. Watafiti wenyewe wanapendekeza hivyo hivyo: mbwa ana ramani kichwani, na zile mita 20 ni za kuilinganisha ramani hiyo na dira. Na dira ni uga wa sumaku wa Dunia, ile nguvu inayogeuza sindano ya dira. Ni dhaifu mno. Kisumaku cha kubandika kwenye mlango wa friji kinaushinda nguvu kwa mbali.

SALOME: Sasa tuseme na lile lingine, maana watu wamelisikia zaidi kuliko hili. La mbwa kwenda haja.

IDRISA: La mwaka 2013. Timu ya Burda pia. Mbwa 70 wa aina 37, haja kubwa 1,893 na haja ndogo 5,582, kila moja imepimwa kwa dira. Wakasema mbwa hupenda kujipanga kaskazini-kusini. Mwaka 2014 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unakufikirisha.

SALOME: Mimi huo haujanishawishi, na nataka msikilizaji ajue kwa nini. Walipoweka vipimo vyote pamoja, mbwa hawakuwa na mwelekeo wowote. Mwelekeo ulitokea walipochagua saa ambazo uga wa sumaku umetulia, na hizo ni kama asilimia 20 tu ya muda wa mchana. Ukigawa data kwa njia nyingi, mojawapo itakuonyesha kitu, hata kama ni bahati nasibu.

IDRISA: Ni kweli. Ila mbwa wa msituni hawakuhitaji kuchaguliwa saa. Mtu akiniuliza, namwambia aanzie huko.

SALOME: Na mwili wa mbwa unasemaje? Kiungo cha kuhisi kiko wapi?

IDRISA: Mwaka 2016, watafiti wa Ujerumani walichunguza macho ya mamalia wa spishi 90 hivi. Wakakuta kwenye seli za mwanga za mbwa, mbwa mwitu, dubu na mbweha protini inayoitwa kriptokromi, ya namna inayodhaniwa kuwasaidia ndege kuhisi uga wa sumaku. Kwa paka hawakuikuta. Hata kwa simba.

SALOME: Simba wa babu anayo, simba wa Serengeti hana!

IDRISA: Protini kuwepo si ushahidi kwamba inafanya kazi hiyo. Ila kuna jaribio la 2018: vyombo vitatu, kimoja kina sumaku. Mbwa 13 kati ya 16 waliitambua sumaku mara nyingi kuliko ambavyo wangeipata kwa kubahatisha. Chakula kilipofichwa hivyo hivyo, waliofaulu ni 4. Lakini sumaku ile ina nguvu mno kuliko ya Dunia.

SALOME: Huyo Burda, alitoka wapi na mambo ya sumaku?

IDRISA: Zambia, dada. Alifanya kazi Lusaka na kuwachunguza fuko, wale panya wa chini ya ardhi, na mwaka 1990 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba fuko wanajielekeza kwa sumaku. Leo jina la kisayansi la fuko wale ni *Fukomys*. Lisikilize vizuri hilo neno.

SALOME: Fuko! Neno letu kabisa. Kwa hiyo kimebaki nini?

IDRISA: Kumfunga mbwa kisumaku shingoni kuivuruga ile dira, na mwingine kipande cha chuma kisicho na sumaku, chenye uzito ule ule, halafu kuwaachia msituni. Mwenye sumaku akikosa zile mita 20, au akizikimbia upande usio wake, mimi nitaamini kabisa.

SALOME: Namfikiria Simba. Miaka yote ile sisi tulisimama shambani tukimsubiri, tukamwona akifika. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa kule msituni kumwona anapoanza kurudi.