Toka Nje ya Ukurasa

Wazazi wenzangu, habari za mchana.

Kuna mama alikuja kliniki na mtoto wa miezi 9. Zamu yake ya chanjo ya surua na rubela ilipofika, akamkumbatia mtoto, akaninyooshea simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya makala ya Kiingereza, juu yake jina la jarida: The Lancet. "Dada nesi, madaktari wa Uingereza wanasema chanjo hii inaleta usonji."

Sikumkaripia. Makala ile ipo kweli. Ilitoka Februari 1998, mwandishi wake mkuu Andrew Wakefield, na jarida lenyewe ni kubwa. Hata ungeisoma mstari kwa mstari usingeshtuka: majina ya madaktari yapo, majedwali yapo. Ndiyo maana nawasihi, ukitaka kujua ukweli wa ukurasa, usijifungie ndani yake. Toka nje, sikiliza wengine wanausemaje.

Tulitoka pamoja, kwa simu yake hiyohiyo. Tukaandika jina la mwandishi. Tukakuta watoto waliochunguzwa walikuwa 12. Kumi na wawili tu, jamani! Kisha tukafungua makala yenyewe kwenye tovuti ya jarida, na hapo mama akanyamaza. Kurasa zimepigwa neno kubwa jekundu, limekatiza juu ya maandishi. Nikamweleza maana yake: makala imefutwa. Jarida liliifuta Februari 2010, na Mei mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Ile picha iliyomfikia kwenye kundi la WhatsApp haikuwa na neno hilo.

Tukasogea Denmark. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya watoto 657,461: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa.

Wengi mnaniuliza, "Nesi, tuamini tovuti gani?" Yule mama aliamini jarida linaloheshimika, na bado nusura mtoto akose chanjo. Kwa hiyo mimi nauliza hivi: habari hii ilitoka lini, na tangu siku hiyo imepatwa na nini?

Mama alirudi kwenye benchi akaisoma tena, taratibu, mtoto akichezea kadi ya kliniki. Baadaye akasimama mwenyewe, akamvua mtoto mkono mmoja wa sweta. Nilipomaliza, akaniuliza tarehe ya kurudi kwa chanjo ya miezi 18.