Jinsi ya kumtunza kalunguyeye nyumbani: joto kwanza, mengine yafuate

Karibuni ndugu watazamaji. Huyu aliyejikunja kwenye kiganja changu anaitwa Fenesi, na ukiutazama mgongo wake utajua jina limetoka wapi. Ni kalunguyeye. Watu wengi humwita nungunungu, lakini nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba mirefu inayochomoka, anayewamalizia wakulima mihogo shambani. Huyu wa kwangu ana gramu 420, na miiba yake ni mifupi, imeshika ngozini.

Sogea karibu na skrini. Naugeuza mguu wake wa nyuma taratibu. Hesabu nami vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Basi. Miguu ya mbele ina vitano. Kalunguyeye wengi wanaofugwa duniani ni wa aina hii ya vidole vinne, na kwao ni Afrika, kuanzia Senegal hadi kwetu Kenya na Tanzania. Nikiwa mtoto Dodoma niliwahi kumwona mmoja usiku baada ya mvua za kwanza, chini ya taa ya uani, akiokota kumbikumbi mmoja mmoja. Fenesi alizaliwa huku Marekani. Tangu mwaka 1991 Marekani ilipozuia kuwaingiza kutoka Afrika kwa hofu ya ugonjwa wa midomo na miguu, wanaouzwa hapa ni wa kuzalishwa humu humu. Lakini mwili wake bado unaijua nchi ya joto tu, na mimi naishi Minnesota, jimbo lenye baridi kali. Kwa hiyo video hii itakaa sana kwenye joto.

Kabla hujanunua, ulizia sheria ya unapoishi. California, Hawaii, Georgia na Pennsylvania hawaruhusu, na jiji la New York pia hawaruhusu. Nanyi mnaonitazama mkiwa nyumbani Afrika Mashariki, nawaomba kwa moyo wote: msimwokote wa porini. Kule ni mnyamapori anayelindwa na sheria, ruhusa zinatolewa na mamlaka za wanyamapori, TAWA kwa Tanzania na KWS kwa Kenya, na aliyezoea kutembea eneo kubwa kila usiku akifungiwa anateseka. Ukimkuta uani, mwache apite. Atakula wadudu wako bure.

Hatua ya kwanza ni joto. Kizimba kiwe na nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Hapa juu mnaona balbu ya kauri. Hii inatoa joto bila mwanga, maana yeye ni mnyama wa usiku, na taa ikiwaka usiku hatoki kula. Waya wake unapita kwenye thamostati, kile kidude cheupe, kinachozima na kuwasha chenyewe. Usiunganishe balbu moja kwa moja ukutani. Ikikosa wa kuizuia itamchoma. Kipimajoto kiweke chini, pale anapolala. Ukikiweka juu ya kizimba, kitakusomea joto la juu wakati yeye anatetemeka chini. Kila siku apate mwanga wa kawaida kwa muda wa saa 12 hadi 14, kwa sababu siku zikifupika sana mwili wake unadhani msimu mbaya umefika.

Nieleze kwa nini nashikilia jambo hili. Kuna kalunguyeye wa Ulaya ambao hulala kipupwe chote wakaamka salama. Huyu wa kwetu hawezi. Joto likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, mwili unajaribu kuzima kama wa wale wa Ulaya, lakini hana akiba ya kumvusha, na anaweza kufa humo humo usingizini.

Kipupwe changu cha pili naye, mfumo wa kupasha joto wa jengo tulilopanga uliharibika usiku na umeme ukakatika. Niliamka alfajiri, nikaingiza mkono chini ya kitambaa chake, tumbo lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hakunifukutia kwa hasira kama kawaida yake. Nilimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, nikavaa sweta juu yake na koti juu ya sweta, nikakaa kwenye kiti bila kusogea. Ilipita karibu saa nzima ndipo nikasikia pua inanusa kwenye shingo yangu. Akajaribu kutembea, akayumba, akaanguka kiubavu. Asubuhi hiyo hiyo tulikuwa kwa daktari.

Kwa hiyo ukimkuta hivyo: mpashe polepole, kwa mwili wako au chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwenye taulo. Usimtumbukize kwenye maji ya moto, usimwekee mashine ya nywele, mshtuko wa joto la ghafla unaweza kumuua. Akishaamka, mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mzima. Joto la kupita kiasi nalo ni baya: ukimwona amejilaza kifudifudi, miguu ametawanya kama chapati, kizimba kimezidi, punguza.

Hatua ya pili ni kizimba chenyewe. Hiki changu kina urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Sakafu iwe bapa na ngumu, isiwe ya waya, maana vidole vile tulivyohesabu vinanasa na kuvunjika. Chini natandika kitambaa cha manyoya laini au matandiko ya karatasi. Maranda ya mwerezi usiyaguse kabisa, na ya msonobari mabichi vilevile. Mafuta yake yanaunguza mapafu na ngozi. Muwekee kijumba cha kujificha. Na kila mmoja akae peke yake. Najua tunapenda kumtafutia mwenzake asipate upweke, lakini hawa hawana upweke huo, wawili wataumizana.

Gurudumu la kukimbilia si pambo. Porini anatembea sana usiku, na asipokimbia ananenepa mpaka hawezi kujikunja. Chagua lenye kipenyo cha sentimita 28 au 30, uso wake uwe mzima bila vijiti wala matundu. Gurudumu dogo linampinda mgongo. Tazama hili baada ya usiku mmoja: limejaa kinyesi. Anakimbia huku anajisaidia, ndivyo alivyo, na kila asubuhi nalifuta kwa maji ya uvuguvugu na siki kidogo.

Chakula. Mimi natumia punje kavu za paka, zile za nyama nzuri, protini asilimia 30 hadi 35 na mafuta yasizidi 15. Kijiko kimoja cha mezani hadi viwili kwa usiku, naweka saa mbili usiku naondoa asubuhi. Juu yake wadudu: nyenje wawili watatu, au funza wa unga wachache. Funza hawa anawapenda kuliko kitu chochote, na hapo ndipo watu wanapokosea. Wana mafuta mengi na kalsiamu kidogo, akila kila siku mifupa inadhoofika na ananenepa mno. Usimpe maziwa, tumbo lake haliyawezi. Usimpe zabibu, kitunguu, parachichi wala chokoleti. Karanga pia hapana, inakwama kwenye kaakaa. Maji yawe kwenye bakuli zito asilipindue.

Sasa kumshika, na hapa naomba subira yako. Wiki ya kwanza usitake mengi. Lala na fulana yako usiku mmoja, kisha iweke kwenye kijumba chake alale na harufu yako. Baada ya hapo mtoe kila jioni nusu saa. Usivae glavu, hatakujua kamwe. Mikono inaingia kutoka pembeni, chini ya tumbo, hivi. Ukitokea juu anakudhania bundi. Angalia paji la uso: miiba imesimama, imefunika macho, anafukuta kama sufuria ya mvuke. Simlazimishi, namwacha mapajani. Ona sasa. Pua imetoka. Miiba inalala mmoja baada ya mwingine, mpaka napitisha kidole kutoka kichwani kwenda nyuma na hakinichomi.

Siku moja utamwona anatafuna kitu kipya, anatoa povu mdomoni, halafu anajipinda na kujipaka povu hilo mgongoni kwa ulimi. Usishtuke wala usidhani kichaa cha mbwa. Akikutana na harufu ngeni hufanya hivyo.

Kuoga ni mara chache, mara moja kwa mwezi inatosha, maana ngozi yake hukauka upesi. Beseni lake mwenyewe, maji ya uvuguvugu yasiyofika tumboni, mswaki laini, unasugua kufuata miiba. Mkaushe kabisa kabla hajarudi. Kucha nazikata akiwa bado majini, zimelainika. Kata ncha tu, na ukigusa damu bonyeza wanga wa mahindi.

Nimesema beseni lake mwenyewe kwa sababu. Kalunguyeye mzima wa afya anaweza kubeba salmonela. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza watu kuugua katika majimbo kadhaa baada ya kukaa na wanyama hawa. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, usimbusu, nawa mikono kwa sabuni kila ukimgusa, na watoto wadogo wasimamiwe. Anaweza kukuambukiza choa pia.

Mwisho, mtafute daktari kabla hujamleta mnyama, kwa sababu wengi wanatibu mbwa na paka tu. Kinda wa wiki 6 hadi 8 akidondosha miiba ni kawaida, anaota ya utu uzima. Mkubwa akidondosha miiba, ngozi ina magamba na anajikuna, mara nyingi huo ni utitiri, na dawa ya dukani ya mbwa usimpakie kwa kukisia. Asipokula usiku mbili, damu kwenye mkojo, uvimbe mdomoni, au anayumba wakati tumbo lina joto, hayo hayasubiri. Mpime uzito kila wiki, uandike. Mimi nina daftari hapa, na mara mbili namba zilinionya kabla ya macho. Wengi huishi miaka minne hadi sita. Fenesi ametimiza minne mwezi uliopita, ndiyo maana namkagua mdomo kila Jumapili, nione kama kuna uvimbe.

Ni saa tatu usiku sasa, ameanza kunusa hewa na kunisukuma kiganja, anataka gurudumu lake. Namrudisha.