Nani kala spidi yote? (mhadhara, Dodoma)

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mambo ya bei za bando leo siyagusi, hayo mnayajua kunizidi. Nataka tuongelee hosteli za huku Ng'hong'onha, rauta moja watu kibao, huyu anacheki mpira, yule anadaunlodi Windows nzima, wewe asaimenti yako haiendi unaanza kutukana kampuni ya simu, kumbe mnakabana wenyewe humo ndani.

Iko hivi, intaneti haina askari wa kugawa spidi. TCP, yaani utaratibu ambao vifaa vingi vinautumia kutuma data, inajizuia yenyewe tu: inaongeza mwendo taratibu, pakiti, yaani kipande cha data, ikipotea inajua njia imejaa, inapunguza. Toleo lake la zamani, Reno, linakata nusu, toleo jingine, Cubic, ambalo ndo Linux inatumia toka 2006, linabaki na asilimia 70. Na hii adabu haikuwepo mwanzo eti. Oktoba 1986 kule California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, yadi 400 tu hapo, spidi ilishuka toka biti 32,000 kwa sekunde mpaka 40. Arobaini! Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akachapisha dawa yake 1988.

Sasa UDP, njia nyingine ya kutuma data, yenyewe haina breki, anaweka aliyeandika programu. QUIC, utaratibu mpya zaidi, inapita juu ya UDP ila breki inazo, safiii. Asiyeweka, TCP itampisha, itampisha, mpaka ibaki na makombo. Halafu ikaja BBR ya Google, 2016, breki ya aina nyingine, hii inapima upana wa njia, pakiti zikipotea wala haishtuki sana, basi kwenye rauta yenye bafa ndogo, yaani nafasi ndogo ya pakiti kusubiri, toleo la kwanza lilikuwa linamkandamiza Cubic vibaya.

Kuna kaka hapa kaniuliza, si tugawe sawa kwa kila koneksheni? Aah, mwenzio kafungua nane, wewe moja, kachukua nane ya tisa na hesabu inasema mko sawa!

Mi naona adabu tuache kuitegemea, rauta ndo itenganishe foleni. Programu ya kupanga foleni inayoitwa fq_codel iko kwenye Linux toka 2012, ila inatenganisha koneksheni, nyingine, CAKE, ndo inaweza kugawa kwa kifaa, mi nipo upande wa CAKE. Ukiiwasha andika spidi chini kidogo ya uwezo wa laini, kama ni megabiti 20 kwa sekunde weka 18, la sivyo foleni inajazana kwenye mtambo wa kampuni na kule huna ubavu. Haya dada wa mbele, swali lako.