Jua la Malindi Halizami Baharini

Wale wa nyuma, sogeeni. Viti vya mbele havina miiba.

Nimelisema hili Mombasa, nikalisema Kilifi, na leo nalileta Malindi: gari ni kioo. Lile gari mnaloliona kwenye tangazo liking'aa ufuoni, huenda halijakanyaga mchanga hata siku moja. Limeanzia kwenye michoro ya wahandisi wa kiwanda, ikageuzwa umbo la vipande vidogo vidogo vya pembetatu, kisha likavishwa rangi ndani ya kompyuta. Na rangi si moja. Muulizeni fundi yeyote wa kupuliza rangi: kuna ya chini, kuna rangi yenyewe na chembe zake za metali, halafu juu vanishi. Kompyuta hufuata mwanga unavyopenya vanishi, ukagonga chembe, ukarudi. Sasa tazameni mlango wa gari jipya. Mwaona nini? Mwaona mbingu juu, ardhi chini, na mstari uliopinda katikati. Ukikosea mbingu, umekosea gari.

Nami nilikosea. Nililetewa picha ya ufuo wetu huu, imepigwa asubuhi, bahari iko kulia, nitie gari. Mwanga wa mahali penyewe sikuwa nao, nikanunua picha ya mbingu iliyopigwa nchi nyingine, jua linazama, rangi ya machungwa tele. Nikakesha siku tatu kompyuta ikipiga hesabu, nikajiona bingwa. Nikamwonyesha ami yangu, mvuvi. Akaangalia kitambo.

"Mwanangu, hili jua kwenye boneti latoka au lazama?"

"Lazama, ami."

"Upande wa bahari?" Akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Miaka yote jua lalala Ganda huko bara, leo limekuja kulala na ngalawa zetu!"

Hakunihurumia. Akanionyesha kivuli cha ngalawa: kifupi, cha saa tatu asubuhi. Kivuli cha gari changu kirefu, cha magharibi. Saa mbili tofauti kwenye mchanga mmoja! Kisha akagusa bahari, imejaa tope la mto Sabaki, rangi ya chai ya maziwa. "Mbona ubavuni mwa gari maji ni ya samawati?" Sikuwa na jibu. Huyo ni mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta.

Dawa ilikuwako zamani. Mwaka 1998 mtafiti wa picha za kompyuta, Paul Debevec, alionyesha jinsi ya kukamata mwanga wa mahali kwa kupiga picha mpira unaong'aa kama kioo, mara nyingi, kutoka giza hadi weupe mkali, kisha kumulikia kwa mwanga huo kitu kisichokuwepo. Siku hizi tunapiga pia mzunguko mzima kwa kamera. Ni kazi ya dakika chache, na mimi nilikuwa nimeiruka!

Najua mtu anajiandaa kuniambia, "Mwalimu, hizo si picha za uongo?" Ndugu yangu, gari likiuzwa na taa lisizokuwa nazo, huo ni uongo. Likiwa ni lile lile, mimi nimeliokolea nauli tu. Tena picha inaweza kuwa tayari kabla kiwanda hakijatoa gari la kwanza.

La pili, upesi, mwenyekiti ananionyesha saa. Sisi usukani wetu kulia, Ujerumani kushoto. Picha ya kawaida huwezi kuipindua, nambari na jina la gari vitasomeka kinyume. Kwenye kompyuta unahamisha usukani na dashibodi, umemaliza. Umbo moja linauza nchi kwa nchi, rangi kwa rangi. Vijana wa hapa mnaweza kupiga mwanga huu na kuwauzia walio mbali.

La akili mnemba nilikuwa nalo, naliacha.

Kesho kwa vitendo: saa kumi na moja na nusu alfajiri, karibu na gati. Mpira ninao. Ami yangu atakuwepo, na msimwonyeshe kazi zenu kabla sijaziona mimi.