Herufi za Wayi Ndani ya Kompyuta

Walimu wangu, shikamooni. Nanyi wengine wote, karibuni sana.

Wayi ni watu wa milima ya kusini-magharibi mwa China. Maandishi yao ni ya kale, na walioyatunza zaidi ni makuhani wao, bimo, wanaorithishana vitabu vya mkono. Mwaka 1980 serikali ya China iliidhinisha mfumo uliosanifiwa kwa lahaja ya Liangshan, mkoani Sichuan. Humo kila alama ni silabi nzima pamoja na toni yake. Alama za msingi ni 819. Nyingine 345 hupatikana kwa kuchora kitao juu ya zile za msingi.

Mwaka 1999 alama hizo ziliingia Unicode, toleo la 3.0, yaani jedwali la kimataifa linaloipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta. Kile kitao kingeweza kupewa namba yake peke yake, kikawa kinapandishwa juu ya silabi inapohitajika. Haikuwa hivyo: kila silabi yenye kitao ilipewa namba kamili. Ndiyo maana sehemu yao ya jedwali inaanzia A000 na kuishia A48C, namba zinazoandikwa kwa tarakimu kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F; jumla ni nafasi 1,165.

Sasa jumlisheni 819 na 345. Mnapata 1,164. Hiyo moja iliyozidi ni A015, na ningependa tuitazame vizuri. Kazi yake ni kumwambia msomaji arudie silabi iliyotangulia. Lakini jedwali limeisajili kama silabi “wu”! Jina limekosewa, na kanuni za Unicode haziruhusu jina lililokwisha kusajiliwa libadilishwe, maana zipo programu zinazolitegemea. Kilichowezekana ni kuongeza jina la pili la kusahihisha.

Nalisisitiza hili, kwamba kosa likishasajiliwa halifutiki, kwa sababu maandishi ya kale ya Wayi, yale ya bimo wenyewe, bado hayamo katika Unicode. Pendekezo la mwaka 2007 lilikuwa na alama zaidi ya 88,000, nyingi zikiwa maumbo tofauti ya herufi ileile. Alama ya mkoa wa Yunnan ikipishana kidogo na ya mkoa wa Guizhou, tuihesabu moja au mbili? Wapo wanaoudhika na ucheleweshaji huu. Mimi nauunga mkono, ila kwa sharti moja: bimo wakae mezani na wataalamu wa kompyuta tangu siku ya kwanza, kabla namba hata moja haijatolewa.