Unaanza kuandika mitindo na hakuna anayekujua

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari zenu. Huko nyuma mnanisikia? Haya. Asanteni kwa kuja na jua hili la Dar. Nimeombwa niongee na nyie mnaotaka kuanza kuandika mambo ya mitindo mtandaoni, na nitaongea kama ninavyoongea na wadogo zangu nyumbani, maana naona wengi mliokaa hapa ni umri huo.

Wanaonitafuta inbox karibu wote wanaanza hivihivi, dada napenda sana mitindo ila sina nguo, sina kamera nzuri, nikijipanga nitaanza. Jamani nguo sio tatizo. Tatizo ni kwamba unaingia sehemu imeshajaa watu na wote wanaposti picha ileile, msichana kasimama ukutani, chini kaandika pamba za leo, basi. Sasa mtu asiyekujua akufuate wewe kwa lipi? Wewe sio msanii, sio miss, hujawahi kuonekana kwenye tivii. Mtu maarufu akivaa dera tu watu wanaangalia, wewe ukivaa hilohilo dera inabidi kuwe na kitu umemwambia msomaji ambacho alikuwa hakijui. Na hapo ndipo wengi wanakwama, kwa sababu tunapenda nguo lakini hatujajifunza nguo.

Chukua khanga. Sisi wote hapa tumebebwa mgongoni na khanga, ila nikisema niandikie ukurasa mmoja kuhusu khanga wengi mtaniambia ina maneno, mtaishia hapo. Khanga ina pindo linalozunguka, ina mji pale katikati, ina jina, yaani hayo maneno, na inauzwa kwa doti. Mombasa kuna biashara ya Kaderdina Hajee Essak imeanza 1887, na khanga ikiwa imechapwa K.H.E. Mali ya Abdulla unajua imetoka kwao, hiyo ni biashara iliyoanza kabla ya babu zetu kuzaliwa na khanga zake bado zinavaliwa, mnataka stori gani nyingine? Halafu nenda Kariakoo, mtaa wa Uhuru, kaa na muuzaji asubuhi kabla wateja hawajajaa, mwombe akufungulie doti mbili za bei tofauti. Zigeuze nyuma uone rangi imepenya kiasi gani. Zishike, khanga mpya inakuwa ngumu kwa sababu ya wanga, kwa hiyo ule ugumu usikudanganye ukadhani ni uzito wa kitambaa, ukishafua mara moja ndio utajua umenunua nini. Ukiandika hilo na picha ya khanga ileile kabla na baada ya kufuliwa, mama yeyote wa Tandika atakusoma na atamtumia na dada yake.

Na mitumba vilevile. Kuna waandishi wachanga wanaona aibu kusema nguo yao ni ya mtumba, wanakata lebo wanapiga picha kama imetoka dukani. Kwa nini? Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu, Marekani wakaja juu, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda wakashikilia ushuru wao mpaka 2018 wakasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru kupitia AGOA, ule mpango wa Marekani wa biashara na nchi za Afrika. Nguo unayoichagua pale chini kwenye turubai inagombaniwa na marais, na wewe unaificha! Soko la Karume lilipoungua Januari 2022 iliandikwa kama habari ya moto, na ni sawa, watu walipoteza mitaji yao yote, ila kwangu ilikuwa habari ya mitindo pia kwa sababu pale ndipo mji huu unapovaa. Ungekuwepo unaandika muda ule ungekuwa na la kusema.

Kingine kinachonikera, niwaambie ukweli, ni mtu yuko Mbagala anaandika nguo za autumn. Hatuna autumn. Sisi kalenda yetu ya mavazi ni Idi, ni Krismasi, ni masika ambayo viatu vyote vinaharibika, na zaidi ya yote ni sherehe, kicheni pati, sendofu, harusi yenyewe. Kamati ikishatangaza rangi ya sare kuna wanawake hamsini wanatafuta kitambaa kilekile wiki ileile, na kila mmoja anawaza mshono gani utampendeza yeye mnene au mwembamba, na fundi gani hatamwangusha siku ya mwisho. Waandikie hao. Waambie pisi ya kitenge ya yadi 6 inatoa nini na nini, waambie kabla fundi hajakata wamuulize maua yatakaa vipi kifuani maana ua kubwa likikatwa vibaya gauni zima limeharibika hata kama mshono wenyewe ni mzuri.

Picha, nitapita haraka. Simu inatosha. Usipige saa saba mchana, piga asubuhi au jioni, na kama ngozi yako ni nyeusi na umevaa nyeupe gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, la sivyo simu inafuata nguo na wewe unapotea. Ila hizi filta za kung'arisha ngozi naomba muache kabisa. Ukijing'arisha wewe na kitambaa kinang'aa, msomaji anaenda dukani na picha yako anatafuta rangi ambayo haipo, na siku ya pili hakuamini tena.

Hela. Hela inachelewa, tena sana, na bando unanunua kila siku. Itakuja siku duka litakupa gauni la bure likitaka uandike kwamba ni zuri, na zipu inakwama. Sema umepewa bure, na sema zipu inakwama, hata kama hawatakupa tena. Na fundi aliyekushonea mtaje mahali alipo kama ameridhia, kwa sababu picha ni yako lakini kazi ni yake, yule mama anakaa kwenye cherehani toka asubuhi na wateja wake wanatokana na watu kumtaja tu.

Na sheria mzisome, hasa wa huku Tanzania. Kanuni za 2018 zilipotoka mwenye kuandika mtandaoni alitakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya mwaka, watu wengi walifunga kurasa zao mwezi wa sita mwaka ule na baadhi hawajarudi mpaka leo, inaniuma nikikumbuka maana kulikuwa na watu wazuri mle. Toka hapo zimebadilishwa zaidi ya mara moja kwa hiyo usiishie kusikia mtaani, ingia kwenye tovuti ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, usome zilizopo sasa kabla hujalipia jina la tovuti.

Haya, naona mikono imeshanyooka, tuanze na dada wa pale mlangoni mwenye kitenge cha njano, na utuambie umeshonea wapi.