Darajani, Daraja Liko Wapi? Mhadhara juu ya kutafuta ramani za kale za mtaa wako

Assalaam alaykum, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na kompyuta zenu.

Naanza na suala dogo. Darajani, daraja liko wapi? Tunapita kila siku, tunanunua samaki, tunapanda daladala, na hakuna daraja wala maji ya kuvukwa. Na hawa ndugu zetu wa Ng'ambo, ni ng'ambo ya nini?

Jawabu lipo kwenye karatasi. Mwaka 1892 mpimaji wa Kihindi, Imam Sharif Khan Bahadur, aliuchora mji wa Zanzibar. Pale ilipo barabara ya Darajani leo amechora hori, mkono wa bahari unaoingia nyuma ya mji na kuuacha Mji Mkongwe ukining'inia kwa shingo nyembamba ya ardhi. Hori lile lilifukiwa kipande kwa kipande katika karne ya 20. Waingereza wakaiita barabara hiyo Creek Road, yaani barabara ya hori, na wazee wengi jina hilo hawajaliacha mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, kaa barazani na daftari. Andika majina: Mikunguni, Kisimamajongoo, Miembeni, Funguni. Kila jina ni suala la kuiuliza ramani: mikungu ilikuwapo? kisima kilikuwa wapi? fungu la mchanga liliishia wapi? Mtu anayekwenda maktaba bila suala hurudi na picha nzuri ya kutundika ukutani, basi.

Na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Wengi wanatafuta ramani kongwe kuliko zote, zile zenye nyangumi baharini na tembo bara. Zinapendeza. Lakini aliyezichora mara nyingi hakuwahi kutia mguu huku. Mwangalieni Erhardt, mmishonari wa Kijerumani, katika miaka ya 1850: alikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara, akachora ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, limelala kama konokono asiye na gamba. Ni kwamba Nyanza, Tanganyika na Nyasa zilisimuliwa kwake na watu mbalimbali, naye akaziunganisha. Ramani ile inatufundisha mengi juu ya nani alikuwa akizungumza na nani pwani. Juu ya umbo la ardhi, haina kitu.

Mimi namwamini mtu aliyelipwa kutembea. Nikipewa ramani, suala langu la kwanza ni: nani alitoa pesa, na alikuwa anaogopa nini? Nahodha anaogopa mwamba. Katika miaka ya 1820 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipita pwani hii yote na merikebu zake Leven na Barracouta, wakipima kina kwa bildi, pima kwa pima. Chati za namna hiyo ni hazina kwa anayechunguza mafungu, miamba na midomo ya mito. Ukienda nayo bara nusu maili, imekwisha maneno. Itakuonyesha kilima au mnara kwa sababu nahodha anauona kutoka baharini, na shamba lililo nyuma yake halimhusu.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania Bara, karatasi za mwanzo za maana ni zile za Wajerumani, Karte von Deutsch-Ostafrika, za kipimo cha 1:300,000, zilizochapishwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Nyingi utazipata zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni na maktaba za Ujerumani na Marekani. Ila usitafute "Lushoto". Andika Wilhelmstal. Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, na Bagamoyo inamalizika kwa jo. Nimewaona wanafunzi wakihangaika wiki nzima kisha wakasema ramani hakuna, kumbe ipo, inasubiri kuitwa kwa jina lake. Na mkumbuke kipimo: sentimita moja hapo ni kilomita tatu, kwa hiyo kijiji chako kizima ni kitone. Pia tazameni mistari ya njia za wapimaji. Karibu na njia maandishi yamejaa, mbali nayo karatasi ni nyeupe, na weupe ule si pori tupu. Ni mahali ambapo mpimaji hakupita.

Ukitaka kuona shamba na kijito, ngoja hadi baada ya vita vya pili. Mwaka 1946 London ilianzisha idara ya kupima makoloni kwa picha za ndege, na huko ndiko zilikotoka karatasi nyingi za 1:50,000. Sentimita moja, mita mia tano. Hapo sasa unaona njia ya miguu. Lakini mimi nawaambia: msiridhike na karatasi, tafuteni picha zenyewe. Mchoraji aliacha vitu vingi visivyomhusu, na kamera haikuacha. Picha nyingi za idara ile sasa zipo Edinburgh, katika hifadhi ya taifa ya picha za angani. Kuiona mikarafuu ya babu yako katika mistari yake, mti kwa mti, ni jambo jingine kabisa.

Na hapa nyumbani? Nyaraka zetu za Kilimani. Watu huuliza ramani tu, wakiambiwa hii haipo wanaondoka. Ulizeni hati za mauzo na za wakfu. Hati ya Kiislamu hutaja mipaka minne: kibla njia ya wote, mashariki nyumba ya fulani, kusini kisima, magharibi bahari. Hiyo nayo ni ramani, imeandikwa badala ya kuchorwa, na mara nyingine ndiyo pekee inayomtaja mwenye nyumba ya makuti ambaye mpimaji alimpita kama hakumwona.

Sasa aibu yangu. Mara ya kwanza nilipojaribu kulaza ramani ya zamani juu ya picha ya satelaiti, kwa programu ya QGIS ambayo ni ya bure, niliishikiza kwenye ufuo, kwa kuwa ufuo unaonekana vizuri. Msikiti mmoja nikautosa baharini. Ufuo wa mji huu umefukiwa na kusogezwa, na maji yetu ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, kwa hiyo mchoraji mmoja amechora maji kujaa, mwengine maji kupwa. Shikizeni kwenye mawe: pembe za Ngome Kongwe, mnara wa msikiti wa Malindi, kanisa la Mkunazini. Na ramani ya zamani ya Kifaransa ikikataa kukaa, msiilaumu upesi. Wao walihesabu longitudo kuanzia Paris, ambayo ipo mashariki ya Greenwich kwa nyuzi 2 na dakika 20. Ongezeni hizo, itatulia.

Nakala ya mji wa 1892 nimeitandaza pale mezani, na kalamu za risasi zipo. Wazee wanaokumbuka wapi hasa daraja lilikanyaga upande wa Ng'ambo, nawaomba mje nyinyi kwanza, kabla ya chai. Vijana, shikeni daftari.